Duara la Viti Kombewa

Jumatatu, 2 Juni

Nafasi ya Msimamizi wa Shughuli iko wazi. Tom aliondoka Ijumaa, amekwenda Migori kuanzisha kampuni yake mwenyewe ya mahema, na sisi tuliobaki hapa Kondele ametuachia kiti chake chenye magurudumu, ufunguo wa ghala, na swali la nani atakayevirithi. Jibu ni mimi. Nimelichunguza swali hili kwa uadilifu na sijapata jibu jingine.

Mama Selpha, mwenye kampuni, hana haraka. Juma lililopita alihudhuria semina katika hoteli moja ya ufuoni na akarudi na neno moja: ubunifu. Alituambia katika mkutano wa asubuhi kwamba watu wanazikwa kila Jumamosi, na kila Jumamosi sisi tunapanga viti vilevile vikitazama upande uleule, halafu tunashangaa kwa nini wateja hawatukumbuki. Atakayemwonyesha fikra mpya katika mazishi ya Jumamosi hii, huko Kombewa, ndiye atakayekikalia kiti cha Tom. Tusiende kutafuta msukumo mbali. Tuutafute kazini humu humu.

Walubengo aliandika kila neno. Walubengo ni karani mwenzangu wa ghala, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye tabia ya kusema jambo mara moja tu. Sijui mtu wa namna hiyo atasimamiaje chochote. Mimi, pamoja na ukarani, ndiye mfawidhi wa kampuni. Familia isiyo na mtu wa kuongoza ratiba kwenye kipaza sauti hupewa mimi. Nina stashahada ya mawasiliano na sauti inayofika mbali.

Kwa ajili ya kumbukumbu: mwezi uliopita, tulipowatembelea wazazi wa mke wangu kule Awasi, baba mkwe aliniuliza cheo changu. Nilimjibu kwamba mimi ni Msimamizi wa Shughuli. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliotangulia. Sasa ukweli huo unanisubiri mbele, na nina hadi Jumamosi kuufikia.

Jumanne, 3 Juni

Hatua ya kwanza: kuonekana. Mwezeshaji wa semina, kwa maelezo ya Mama Selpha, alisema kwamba mtu aanze kufanya kazi anayoitamani kabla hajapewa. Nikafika mapema, nimevaa koti na tai, nikakikalia kiti cha Tom. Nilipokea simu. Nilitia sahihi palipohitaji sahihi, na mahali pawili ambapo hapakuhitaji. Nilizunguka nusu mzunguko kuelekea dirishani, kama mtu anayetafakari.

Mama Selpha aliingia, akasimama mlangoni, akaniuliza kama nimeumia mguu. Nilimjibu kwamba sijaumia. Akasema basi lori linasubiri vigingi.

Nilipakia vigingi nikiwa na tai. Opiyo, dereva wa lori, mtu asiyejua kunyamaza, aliniita Waziri hadi saa ya chakula. "Waziri, shika hapa. Waziri, hiki kigingi ni kizito kwa serikali?" Wapakiaji walicheka. Walubengo hakucheka. Alitabasamu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Tai imechafuka grisi. Nimeiloweka.

Jumatano, 4 Juni

Msukumo umefika.

Viti vilivyorudi kutoka Nyalenda vilikuwa vimejaa matope. Akina mama wa Manyatta wanaotuoshea viti walivisugua, kisha wakavipanga kulizunguka bomba, kwa kuwa hapo katikati ya ua ndipo jua linapofika. Duara kamili. Walipomaliza wakavikalia, wakanywa uji. Mimi nilikuwa dirishani. Kila mmoja alimwona kila mwenzake. Hakuna aliyegeuza shingo. Hakuna aliyejificha nyuma akichezea simu, kwa sababu nyuma haikuwepo. Mmoja alisimulia habari ya ng'ombe aliyeingia saluni huko Obunga, na wote wakaisikia bila kipaza sauti.

Nikaelewa mara moja kasoro ya mazishi yetu yote. Watu huketi wakitazamana migongo. Wakubwa mbele, wadogo nyuma, wanawake upande wao, na wakwe wamewekwa katika hema la peke yao pembezoni, kana kwamba wana surua. Hakuna anayeweza kunieleza kwa nini. Ni mazoea, na mazoea ndiyo adui wa ubunifu. Badala yake: duara moja kubwa, jeneza katikati, wafiwa wote uso kwa uso, magoti karibu na magoti. Hakuna mbele, hakuna nyuma, hakuna pembeni. Nimeliita Duara la Faraja.

Nusura nimwambie Jentrix, mke wangu, wakati wa chakula. Nikajizuia. Wazo likiwa bichi lisiandaliwe mezani.

Yeye ndiye aliyekuwa na jambo. Wazazi wake wameomba niwapelekee hema moja Jumamosi kwa harambee ya kanisa lao kule Awasi, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi. Mimi sina mamlaka ya kutoa hata kamba. Nilitafakari, kisha nikamwomba awaeleze kwamba Jumamosi nitakuwa Nairobi katika mkutano wa wasimamizi, na kwamba hema haliwezi kutoka bila mimi. Jibu zuri. Lina heshima na lina mipaka. Jentrix alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akapiga simu.

Alhamisi, 5 Juni

Siri ya Walubengo imefichuka. Anatengeneza sakafu za mbao. Ameunganisha mbao vipande vipande ili zitandazwe chini ya hema, wazee wasizame matopeni na viti visilale upande mvua ikinyesha. Nilizitazama, nikampongeza. Fikra ya seremala. Haina falsafa yoyote ndani yake.

Akaniuliza langu. Nilimwonyesha mchoro wa duara kwa mbali, ili asiuige. Aliutazama, akauliza wakwe watakaa wapi. Nikamwambia wakwe ni watu kama wengine. Akasema ndiyo, ila kwao Bungoma mwanamume na mama mkwe wake hawapeani hata mkono, hawakai karibu, hawali pamoja, na yeye alidhani sisi Wajaluo ndio tumezidi katika mambo hayo. "Bwana Robinson, mama mjane na waliooa mabinti wake watatazamana?"

Nilimjibu kwamba watafarijiana. Nikamkumbusha kwamba nina stashahada ya mawasiliano.

Nimeuandika wasiwasi wake kama dalili ya kwanza ya wivu.

Alasiri nilimwendea Mama Selpha. Nilimwambia tu kwamba wazo langu linahusu mpangilio wa viti, na nikamwomba aniamini. Alivua miwani. Alisema marehemu alikuwa mwalimu mkuu, mtu anayejulikana Seme nzima, ana mabinti watano walioolewa, na wakwe wote wanakuja na watu wao. "Robinson, usije ukaniaibisha na hao wakwe." Nilimhakikishia kwamba hakuna mkwe atakayekosa kiti.

Alionekana kuridhika. Nilitoka ofisini kwake nikiwa na hakika.

Ijumaa, 6 Juni

Tumefika Kombewa, tumesimamisha mahema. Boma zuri, mteremko mdogo, na ziwa linaonekana chini kupitia miti. Nimeyapanga mahema yakiwa yamekumbatiana, na viti ndani yake kwa duara moja. Nilimruhusu Walubengo atandaze mbao zake. Ni ukarimu kumpa mpinzani nafasi ya kushiriki.

Mzee Okinyi, mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuja na fimbo yake akayazunguka mahema. Akauliza kwa nini yamekusanyika kama ng'ombe kwenye chumvi. Nikamwambia ndio mtindo mpya wa Nairobi. Akasema kama ni wa Nairobi basi sawa, ingawa yeye Nairobi aliwahi kwenda na hakuona hivyo. Akauliza hema la wakwe liko nyuma ya nyumba ipi. Nikamwambia asiwe na shaka, wakwe wamepangiwa mahali pa heshima kuliko walivyowahi kupata.

Alinishika bega. Mzee mwenye imani.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika ndani ya lori, tukirudi. Opiyo anaendesha na anacheka peke yake. Nitayaandika mambo kwa mpangilio wake, kwa kuwa wapo watakaoyasimulia vibaya.

Asubuhi duara lilikuwa zuri kiasi cha kuniliza. Jeneza katikati chini ya kitambaa cheupe. Mjane alitolewa nyumbani akaketishwa karibu nalo, na akina mama wa kanisa wakaketi kulia na kushoto kwake. Majirani wakajaza upande wa barabara. Mimi nilisimama katikati na kipaza sauti kisicho na waya, nikawakaribisha kwa Dholuo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mama Selpha alikuwa kwenye kivuli cha lori. Nilimwona akitikisa kichwa taratibu. Nilidhani ni kukubali.

Wakwe wakafika. Msafara wa magari, suti nyeusi, fahali nyuma ya gari dogo la mizigo. Kiongozi wao, mume wa binti mkubwa, mhasibu wa Nakuru, akauliza kwa adabu hema lao liko wapi. Nikajibu kwa kipaza sauti ili wote wanufaike: leo hakuna hema la wakwe, leo sote ni familia moja, karibuni mketi.

Nafasi iliyokuwa imebaki ni moja tu. Ilikuwa mkabala na mjane. Magoti karibu na magoti, kama nilivyokusudia.

Mhasibu aliingia wa kwanza, akainua macho, akamwona mama mkwe wake hatua chache mbele yake, analia, leso imemwanguka begani. Akarudi kinyumenyume. Akamkanyaga wa pili. Wa pili akamkanyaga wa tatu. Mjane akajifunika uso wote. Shangazi mmoja aliyekuwa nyuma yake akasimama na kuuliza boma zima: "Nani ameleta hawa wanaume kwenye mapaja ya mama yao?"

Mhasibu alisema, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, kwamba ni kweli hajamaliza kulipa ng'ombe wa mahari, lakini hata hivyo hakustahili haya.

Wakaenda kusimama kando ya ua, juani, wote watano na watu wao. Wake za wana wa marehemu nao walipoona kwamba mbele yao wameketi wadogo zake marehemu, ambao kwao ni baba wakwe, wakainuka mmoja mmoja. Duara likaanza kung'oka meno. Nikawasihi wafiwa kwa kipaza sauti watulie. Nikageuka pole pole, ili kila upande uone uso wangu. Ndivyo mfawidhi wa duara anavyopaswa kufanya.

Na upande wa akina mama wa kanisa, kiti cha tatu kutoka kwa mjane, kitambaa cha zambarau kichwani, nikamwona mama mkwe wangu.

Sikuwa nimeota. Baadaye Opiyo alinieleza, maana yeye hujua mambo yote ya watu: harambee ya Awasi iliahirishwa kwa kukosa hema, na kwa kuwa basi la kanisa lilikuwa limekwisha kukodiwa, wanawake wakaamua kuja kumzika mume wa mwenzao. Kwa hiyo alifika Kombewa kwa sababu mimi niko Nairobi.

Alikuwa bado hajanitazama. Alikuwa ameinama, anamfariji mjane. Niligeuza mgongo. Lakini katikati ya duara mtu hana mahali pa kuupeleka mgongo wake. Niliinama nyuma ya jeneza kana kwamba nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba. Kutoka hapo nilitambaa katikati ya viti viwili vilivyoachwa wazi na wake za wana, nikapita nyuma ya jenereta, nikaingia katika lori na kujilaza chini ya usukani.

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi. Hili ndilo ningependa lizingatiwe. Nilikuwa na wajibu, na wajibu huo sikuutupa. Nikaendelea na kazi.

Nilisema, kwa sauti yangu ya chini, ile ya faraja: "Ndugu zangu, tulieni. Nawaona nyote."

Spika za kutolea sauti zilikuwa nne. Iliyokuwa karibu zaidi na wafiwa niliiweka mwenyewe chini ya jeneza, ili isiharibu sura ya duara.

Palitokea ukimya ambao sijawahi kuupata katika kazi yangu. Kisha mama mmoja akapiga kelele. Kwaya ikaangusha vitabu. Niliinua kichwa hadi ukingo wa dirisha, nikamwona Mzee Okinyi akilikaribia jeneza, fimbo mbele. Akauliza kwa Dholuo, halafu, kwa ajili ya wageni, akauliza kwa Kiswahili: "Anayeongea ni nani?"

Nisingeweza kutaja jina langu. Mama mkwe alikuwa pale. Nikajibu jambo la kweli tupu: "Mimi ni yule aliyewahangaikia viti."

Jibu hilo halikumtuliza mtu. Mzee mmoja wa meno machache akasema ni yeye kabisa, mwalimu alihangaikia viti vya shule maisha yake yote, hata wizara ilimjua kwa hilo. Mwingine akakataa: mwalimu alipenda mistari, alikuwa anapima kwa kamba, hawezi kukubali watoto wakae mviringo namna hii. Wa kwanza akasema basi hiyo ndiyo sababu amerudi. Mzee Okinyi akainua mkono wote wanyamaze, akavua kofia, akaliinamia jeneza. "Mwalimu. Ndugu yangu. Viti hivi si sisi tuliopanga. Ni kijana wa kampuni. Tufanye aje?"

Naungama kwamba niliiona nafasi. Sentensi moja tu, na duara lingehifadhiwa kwa amri ambayo hakuna ambaye angethubutu kuipinga. Nilivuta pumzi. Nilisema: "Viacheni—"

Mlango wa lori ukafunguliwa. Opiyo alikuwa amekuja kuchukua chapati zake. Sauti yake ikapita katika spika zote nne, ikavuka boma, nadhani ikafika ziwani: "Waziri! Unafanya nini chini ya usukani yangu?"

Boma zima likageuka kutazama lori.

Nilishuka. Sikuwa na njia nyingine ya kutoka, mlango wa pili wa lori hilo haufunguki. Wazee walikuwa wamesimama kwa mstari, na nyuma yao wanawake wa kanisa. Mama mkwe wangu aliniona. Kwa heshima yote akavuta kitambaa chake cha zambarau akajifunika nusu ya uso, akageukia upande wa ziwa, na kusema, bila kumwambia mtu yeyote: "Kumbe Nairobi imesogea."

Mwenzake akamuuliza kama anamjua kijana huyo. Mama Selpha, ambaye alikuwa amefika hapo na hakujua lolote la ukoo wangu, aliwajibia wote. Aliwaomba radhi wafiwa. Aliwaomba wasidhani hivi ndivyo kampuni inavyofanya kazi. "Mama zangu, huyu si msimamizi wa mtu yeyote. Huyu ni karani wa ghala. Huyu ni wangu, na nitamalizana naye."

Ukweli wangu uliotangulia ulirudi nyuma mbele ya basi zima la Awasi.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Kila mtu akabeba kiti chake. Sijawahi kuona watu wa rika zote wakipanga viti kwa umoja kama ule. Kwa dakika chache viti vilikuwa mistari iliyonyooka, na yule mzee wa meno machache akipima kwa jicho moja na kusema mwalimu sasa anapumua. Walubengo aling'oa hema moja kutoka kwenye duara langu akalisimamisha nyuma ya nyumba, na wakwe wakaingia. Mvua ilinyesha saa ya hotuba. Hakuna kiti kilichozama. Ilibidi Walubengo aongoze ratiba. Aliisoma kama mtu anayesoma orodha ya vipuri vya baiskeli. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Jentrix alikwenda, akarudi, akaketi.

Mama yake alikuwa amempigia simu alfajiri. Baba yake alikuwa amempigia baada ya mama yake. Dada yake alipiga kutoka Homa Bay, akauliza kama ni kweli nilizungumza na maiti. Jentrix alinieleza haya yote kwa utaratibu, huku akikunja nguo za mtoto. Baba mkwe anataka nifike Awasi nijieleze. Nifike na mbuzi. Mbuzi si kwa sababu ya cheo, alisema. Cheo ni cheo, watu hudanganya. Mbuzi ni kwa sababu mama mkwe aliniona nikitambaa. Alikuwa ameniona tangu mwanzo, ila alidhani mimi ni mgonjwa.

Nilimwambia Jentrix kwamba wazo lenyewe lilikuwa sahihi. Nilichukua vikombe nikamwonyesha: hiki ni jeneza, hiki ni mjane, hivi ni wakwe.

Alivitazama vikombe. "Baba Shantel, wewe huna mama mkwe?"

Nikamwambia ninaye, na ninamheshimu sana.

"Na hujawahi kukaa naye meza moja. Miaka yote hii. Ulidhani ni kwa nini, hana njaa?"

Nilisema sikuwahi kuliwazia kwa upande huo. Jentrix akaviondoa vikombe, kimoja kimoja, akaviosha ingawa vilikuwa safi.

Jumatatu, 9 Juni

Walubengo ndiye Msimamizi wa Shughuli.

Mama Selpha alitangaza katika mkutano wa asubuhi. Hakurefusha. Familia ya marehemu imeshukuru kwa mbao, na familia nyingine mbili za Seme zimekwisha kuziulizia. Walubengo akasimama, akasema asante, akaketi. Hotuba nzima. Nilikuwa nimeandaa yangu ya kurasa tatu, iko mfukoni hadi sasa. Opiyo akapiga makofi na kuuliza kama Waziri amejiuzulu au amefutwa.

Kisha Mama Selpha aliniita ofisini. Nilisimama wima. Alisema hanifukuzi, kwa sababu nina sauti nzuri na mke mzuri, na kwa sababu mjane mwenyewe alipopata nafasi ya kucheka, siku moja baada ya maziko, alicheka kwa ajili yangu. Lakini kamati za mazishi za Seme zimeomba nisionekane huko kwa muda. Kuanzia sasa nitakuwa upande wa harusi. Harusini watu wana furaha, alisema, na mtu mwenye furaha husamehe. Akaongeza kwamba nisibuni chochote kabla sijamuuliza mtu mwenye wakwe.

Nilimshukuru. Nilipotoka, Walubengo alikuwa kwenye kile kiti chenye magurudumu. Hakukizungusha. Aliniomba kwa upole nisaidie kupakia mbao, kisha akasema, mara moja tu kama kawaida yake, kwamba nikitaka kuuliza lolote kuhusu harusi, mlango wake uko wazi.

Nilipakia mbao. Leo sikuvaa tai.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbili za kutafakari. Nimeuchambua mkasa wa Kombewa bila kujipendelea, na nimefikia uamuzi kwamba kosa lilikuwa moja. Viti vilikuwa vyepesi. Watu walipotatizika kidogo tu, walivibeba. Wazo lolote linaloweza kubebwa kwa mkono mmoja haliwezi kudumu. Kama vingekuwa vizito, wangeketi, na kama wangeketi, wangezoea.

Kazi yangu ya kwanza katika harusi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, Ahero. Nimekwenda kupaona mahali. Nimeona pia kasoro, nayo ni ya kushangaza kwamba haijatambuliwa. Siku ya harusi, familia mbili zinazoungana huketi pande mbili na kula kando kando. Mama wa bibi harusi huandaliwa chakula chumba kingine kabisa, mbali na mtu anayemchukua binti yake. Siku ya kuungana, wanatenganishwa na sahani.

Basi, meza moja. Ndefu, ya mbao nene, imepigiliwa misumari sakafuni, na mabenchi yake yamepigiliwa vilevile. Bwana harusi na mama mkwe wake katikati, bega kwa bega. Sinia moja ya samaki kati yao. Naye bwana harusi ndiye atakayemlisha tonge la kwanza. Nimeiita Meza ya Muungano. Mbao nimemwomba Walubengo. Aliuliza ni za nini, nami nikamwambia ataona.

Mama Selpha alisema nimuulize mtu mwenye wakwe. Nimejiuliza mwenyewe, kwa kuwa ninao.

Jentrix ameniuliza Jumapili nitakapopeleka mbuzi nitamwambia nini baba yake kuhusu kazi. Sitangoji Jumapili. Nimemwandikia mzee ujumbe asubuhi hii, nikamfahamisha kwamba mambo yamekwenda vizuri na kwamba sasa mimi ni Mkurugenzi wa Harusi. Ili pasibaki shaka yoyote, nimewaalika yeye na mama mkwe waje Ahero wajionee kwa macho yao. Mama mkwe nimemwekea nafasi kwenye benchi la kwanza, pale pale nitakapoketi mimi.